Jaji wa mzunguko ni nani khasa? Jina moja, kazi tatu, na siku thelathini



Suali hili limeulizwa mara nyingi baina yetu, na kila likiulizwa majibu yanakuja matatu manne yasiyofanana. Mwenzetu wa London anasema jaji wa mzunguko ndiye anayekaa na kesi za wizi na za watoto, jaji wa kila siku. Mwenzetu wa Maryland anasema kweli, hata yeye aliachana na mkewe mbele ya jaji wa mzunguko. Mwenzetu wa Minnesota anakuja juu: la, huyo ni jaji mkubwa wa rufaa, juu yake iko Mahkama ya Juu peke yake. Basi wanabishana, na ajabu ni kwamba wote watatu wanasema kweli.

Mimi si wakili. Nimeishi Ohio miaka mingi na kazi iliyonilisha ni ukalimani, khasa wa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Somalia wanaosema Kiswahili. Katika kazi hiyo nimeona watu wakipata hasara si kwa sababu hawakuwa na haki, bali kwa sababu hawakujua karatasi waliyoishika imetoka mahkama ipi na inataka nini. Kwa hivyo naomba niieleze habari hii tangu mwanzo, polepole, kisha nifike pale panapotugusa wenyewe.

1. NENO LENYEWE LIMETOKA WAPI

Neno la Kiingereza tunalolitamka sakiti maana yake ni mzunguko, yaani njia ya kuondoka mahali, kupita miji kadhaa na kurudi ulipoanzia. Asili yake ni Uingereza. Tangu karne ya 12, zama za Mfalme Henry wa Pili, wafalme walikuwa wakiwatoa majaji London na kuwapeleka mikoani kusikiliza kesi kwa jina la mfalme. Mwananchi hakuifuata mahkama, mahkama ndiyo iliyomfuata mwananchi. Jaji alifika mjini, akakaa siku kadhaa, akamaliza kesi zilizomngoja, akapanda farasi kwenda mji wa pili.

Kwetu jambo hili si geni. Mahkama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki, iliyovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, ilikuwa ikisafiri baina ya nchi na nchi. Na Mahkama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa 1979, mpaka leo majaji wake huenda kufanya vikao Zanzibar, Arusha, Mwanza na kwengineko. Mtu wa Unguja husema "Mahkama ya Rufani imekuja". Huo ndio mzunguko, hata kama sisi hatukuuita hivyo.

2. MZUNGUKO WA UINGEREZA

Nianze na wenzetu wa Uingereza kwani habari yao ni fupi. Ule utaratibu wa kale wa majaji wa kusafiri ulidumu mpaka karne ya 20. Sheria ya Mahkama ya mwaka 1971 iliufuta, na kuanzia tarehe 1 Januari 1972 pakawa na Mahkama ya Taji kwa kesi kubwa za jinai, na cheo kipya cha jaji wa mzunguko. England na Wales zimegawiwa mizunguko sita, lakini jaji mwenyewe hapandi tena farasi: kwa kawaida ana mahkama zake za eneo moja.

Huyu ni jaji wa kusikiliza kesi. Anakaa na juri la raia kumi na wawili kwenye kesi za jinai. Anasikiliza madai makubwa kwenye mahkama za kaunti. Anaamua pia kesi za familia, zikiwemo zile zinazotisha kuliko zote, serikali ya mtaa inapotaka kumchukua mtoto kwa wazazi wake. Juu yake wako majaji wa Mahkama Kuu, kisha Mahkama ya Rufaa, kisha Mahkama ya Juu. Chini yake wako majaji wa wilaya, na rufaa nyingi kutoka kwa hao wa wilaya huja kwake. Kwa hivyo Uingereza jaji wa mzunguko ni mtu wa katikati: si mdogo, lakini si wa ngazi za juu.

3. MARYLAND SI RICHMOND

Sasa tuvuke bahari. Marekani ina serikali mbili juu ya kichwa cha kila mtu, ya jimbo na ya shirikisho, na kila moja ina mahkama zake. Hapa ndipo wengi wanapopotea.

Majimbo kadhaa, kama Maryland, Virginia, Illinois, Florida na Wisconsin, yaliziita mahkama zao za kusikiliza kesi kwa mara ya kwanza "mahkama za mzunguko". Zamani jaji wa jimbo alizunguka kaunti na kaunti, na jina likabaki. Abraham Lincoln alipokuwa wakili Illinois aliufuata mzunguko huo huo, akisafiri na jaji na mawakili wenzake mji hata mji. Ukipata karatasi ya Mahkama ya Mzunguko ya Kaunti ya Montgomery, Maryland, basi hiyo ni mahkama ya jimbo. Inahusu talaka, nyumba, mirathi, au shitaka la jinai la jimbo. Unatakiwa uende na mashahidi wako.

Lakini ukipata karatasi ya Mahkama ya Rufaa ya Marekani ya Mzunguko wa Nne, hiyo makao yake ni Richmond, Virginia, nayo ni kitu chengine kabisa. Huko hakuna shahidi anayeitwa, hakuna juri, na mara nyingi hata wewe mwenyewe huhitajiki kufika. Majina yanafanana, na umbali baina ya mahkama hizi mbili ni kama mbingu na ardhi. Nimewahi kumuona mzee mmoja aliyesafiri usiku kucha na mashahidi watatu kwenda mahkama ya rufaa, akidhani anakwenda kusikilizwa. Hapana aliyemfanyia ubaya, ila hapana aliyemueleza.

4. MIZUNGUKO YA SHIRIKISHO

Katiba ya Marekani iliitaja mahkama moja tu kwa jina, Mahkama ya Juu, ikaliachia Bunge la Congress kuanzisha za chini yake. Mwaka 1789 Congress ikagawa nchi mizunguko mitatu. Haikuajiri majaji wa mizunguko: iliwaamuru wale majaji sita wa Mahkama ya Juu wenyewe wapande farasi na magari ya farasi, wakakae na majaji wa wilaya kusikiliza kesi. Wazee wale waliteseka kwa barabara mbovu na nyumba za kulala wageni zisizolalika, wakalalamika sana. Mwaka 1801 Congress ikaunda nafasi 16 za majaji wa mzunguko, lakini Rais Adams akazijaza kwa haraka na watu wa chama chake siku za mwisho za utawala wake, na wapinzani wake walipoingia waliifuta sheria hiyo mwaka 1802. Majaji wa Mahkama ya Juu wakarudi njiani.

Mwaka 1869 pakapatikana majaji tisa wa mzunguko. Mwaka 1891 zikaanzishwa mahkama za rufaa za mizunguko, na zile mahkama za kale za mzunguko zikafungwa rasmi mwanzo wa 1912. Kwa hivyo jaji wa mzunguko wa shirikisho tunayemjua leo ni mtoto wa 1891: aliumbwa ili Mahkama ya Juu ipunguziwe mzigo.

Leo mahkama hizi za rufaa ni 13. Kumi na moja zina nambari, moja ni ya mji mkuu Washington, na moja, ya tangu 1982, haina eneo bali ina mambo maalumu kama hataza za uvumbuzi. Nafasi za majaji kisheria ni 179. Mzunguko wa Kwanza, wa Massachusetts, Maine na jirani zao, una nafasi sita tu. Wa Tisa, wa California, Washington, Arizona na wengineo, una 29. Kwa faida ya wasomaji, hii ndiyo ramani ya pale jamaa zetu walipojaa: New York ni Mzunguko wa Pili, Virginia, Maryland na North Carolina ni wa Nne, Texas wa Tano, Ohio, Michigan, Kentucky na Tennessee wa Sita, Illinois na Indiana wa Saba, Minnesota, Iowa na Missouri wa Nane, jimbo la Washington na Arizona wa Tisa, Georgia na Florida wa Kumi na Moja.

5. WANAFANYA NINI KHASA

Kesi ya shirikisho huanza kwenye mahkama ya wilaya, nazo ziko 94. Aliyeshindwa ana haki ya kukata rufaa kwenye mzunguko wake. Mshtakiwa wa jinai ana siku 14 tu za kutoa taarifa ya rufaa. Kwenye madai ya kawaida ni siku 30, na 60 ikiwa serikali ya shirikisho ni upande mmoja wa kesi.

Rufaa hupewa jopo la majaji watatu, na wawili wakikubaliana basi. Hawasikilizi kesi upya. Wanasoma kumbukumbu za yaliyosemwa kule chini na hoja za maandishi za pande mbili. Kesi nyingi huamuliwa kwa kusoma tu. Zile chache zinazosikilizwa kwa mdomo, wakili hupewa dakika chache, aghalabu robo saa hivi, na majaji wanamkatiza kwa masuali tangu sentensi ya kwanza.

Na wanayoyatazama si mamoja. Kwenye suala la sheria, jaji wa mzunguko anaanza upya na halazimiki kukubali alivyosema jaji wa chini. Kwenye suala la nini kilitokea, nani alisema kweli, anamuachia yule aliyewaona mashahidi kwa macho, isipokuwa kosa liwe la wazi. Mtu akienda kwenye mzunguko kusema "jaji hakuniamini na mimi nilisema kweli", mlango ni mwembamba mno. Akienda kusema "jaji alitumia kipimo kisicho cha sheria", mlango umepanuka.

Uamuzi uliochapishwa unazifunga mahkama zote za chini za mzunguko ule, na hata majopo mengine ya mzunguko huo huo. Wa kuubadilisha ni mahkama nzima ikikaa pamoja, au Mahkama ya Juu, au Congress kwa sheria mpya. Mzunguko wa Tisa, kwa wingi wa majaji wake, "mahkama nzima" yake kwa kawaida ni majaji 11. Juu ya hapo, aliyeshindwa ana siku 90 za kuiomba Mahkama ya Juu, lakini Mahkama ya Juu huchagua inachotaka. Kwenye mizunguko huingia kama kesi elfu arobaini kwa mwaka. Mahkama ya Juu husikiliza na kuamua kiasi cha sitini hivi. Hesabu hiyo peke yake inatosha. Kwa karibu kila mtu, jaji wa mzunguko ndiye wa mwisho.

6. MFANO TUNAOUJUA SOTE

Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yaliripuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, na zaidi ya watu 220 wakafa, wengi wao watu wetu. Mzaliwa wa Zanzibar, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistan mwaka 2004, akawekwa mikononi mwa majasusi wa Marekani, akapelekwa Guantánamo 2006, na mwaka 2009 akaletwa New York. Mwaka 2010 juri ilimuachia kwenye mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja la kula njama. Januari 2011 jaji wa wilaya akampa kifungo cha maisha.

Akakata rufaa Mzunguko wa Pili. Sasa tazameni majaji waliulizwa nini. Hawakuulizwa tena kama alikuwemo au hakuwemo. Waliulizwa: je, kumchelewesha karibu miaka mitano kulivunja haki yake ya Kikatiba ya kuhukumiwa mapema? Je, maelezo ya jaji kwa juri yalikuwa sahihi kisheria? Je, kifungo cha maisha kwa shitaka moja kilipita kiasi? Oktoba 2013 jopo likajibu kwamba haki haikuvunjwa, maelezo yalikuwa sawa, na kifungo kinabaki. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Ninachotaka mkione ni umbo la kazi yao: masuala matatu ya sheria juu ya kesi iliyokwisha.

7. PANAPOTUGUSA: KESI ZA UHAMIAJI

Hapa naomba tutulie kidogo.

Jaji wa uhamiaji, yule anayesikiliza ombi la hifadhi, anaitwa jaji lakini hana kiti cha maisha. Ni muajiriwa wa Wizara ya Sheria. Juu yake iko Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, nayo pia imo ndani ya wizara hiyo hiyo, na Mwanasheria Mkuu ana uwezo wa kuichukua kesi na kuiamua mwenyewe. Yaani tangu unapoingia mpaka Bodi inapokukataa, hujakutana bado na jaji aliye nje ya serikali kuu.

Wa kwanza kukutana naye ni jaji wa mzunguko. Yeye huteuliwa na Rais, huthibitishwa na Seneti, na hukaa kitini maisha yake yote maadamu mwenendo wake ni mwema. Mshahara wake haupunguzwi, na hapana njia ya kumuondoa kwa nguvu ila kushitakiwa na Congress. Kesi ya uhamiaji hairuki kwenda mahkama ya wilaya. Sheria ya mwaka 2005 iliyaelekeza karibu mapingamizi yote ya amri za kuondoshwa nchini kwenye mizunguko moja kwa moja. Mzunguko wenyewe unafuata pale jaji wa uhamiaji alipoimalizia kesi, si pale unapokaa leo.

Muda ni siku 30 tangu tarehe ya uamuzi wa mwisho, na karatasi iwe imeshafika mahkamani, si imeshatiwa posta. Mahkama ya Juu ilisema mwaka 1995 kwamba kuiomba Bodi iifungue upya kesi hakusimamishi saa hiyo. Mwaka 2025 ikasema muda huo haugusi mamlaka yenyewe ya mahkama, lakini ndugu yangu, usijidanganye: serikali ikidai muda umepita, umepita. Mtu aliyengoja mwezi na nusu "kwa kuwa wakili mpya anaandika maombi kwa Bodi" amefunga mlango kwa mkono wake. Muda wa kwenda kwenye Bodi yenyewe nao ni mfupi na kanuni zake zimekuwa zikibadilishwa, kwa hivyo isomeni kila karatasi siku ile ile inapofika.

La pili. Kufungua kesi kwenye mzunguko hakuzuii kupandishwa ndege. Lazima uombe amri ya kusimamisha, kando. Na hapa nitataja kesi ya mtu wa Kameruni, Nken dhidi ya Holder. Mzunguko wa Nne ulikuwa na kipimo kikali: asimamishiwe yule tu atakayeonesha kwa ushahidi mzito kwamba amri ya kumuondoa haijuzu kisheria. Mizunguko mingi mingine ilitumia kipimo cha kawaida. Kwa maana hiyo Muafrika wa Virginia na Muafrika wa New York, wana kesi moja, sheria moja, Congress moja, lakini mmoja anabaki na mmoja anaondoka. Mwaka 2009 Mahkama ya Juu iliamua kipimo ni kile cha kawaida chenye mambo manne: una nafasi gani ya kushinda, utapata madhara gani yasiyorekebika, upande wa pili utadhurika vipi, na maslahi ya umma yako wapi. Huo ndio mfano mzuri wa mizunguko kugongana, na mara nyingi ndiyo sababu kubwa inayoifanya Mahkama ya Juu ikubali kuichukua kesi.

La tatu. Ambalo hukulisema mbele ya Bodi, kwa kawaida huwezi kulianza kwenye mzunguko. Na kwenye ukweli wa mambo, sheria inasema alichokikuta jaji wa uhamiaji kinabaki isipokuwa mtu yeyote mwenye akili timamu angelazimika kuona kinyume chake. Kipimo hicho ni kigumu kushinda. Kwenye tafsiri ya sheria mambo yalibadilika 2024, Mahkama ya Juu ilipoifuta kanuni ya miaka 40 iliyowataka majaji wakubali tafsiri ya idara ya serikali penye utata. Sasa jaji wa mzunguko anatakiwa aisome sheria kwa macho yake.

Na hata ukishinda, aghalabu mzunguko haukupi hifadhi. Unairudisha kesi kwa Bodi: tazameni tena, safari hii kwa kipimo sahihi. Watu hulia wakilisikia hilo, wanadhani wameshindwa. La, umeshinda, ila safari haijesha.

8. LUGHA KWENYE KUMBUKUMBU

Hapa naingia kwenye kazi yangu, na nadhani ndipo wasomi wa Kiswahili tunapoweza kusaidia kuliko mahali pengine.

Nilisema majaji wa mzunguko wanasoma kumbukumbu tu. Kumbukumbu hizo ni za Kiingereza. Kiswahili cha mlalamikaji hakimo mle. Mna maneno ya mkalimani peke yake. Jaji atasoma kwamba mtu alisema askari walikuja "saa mbili za usiku wa manane", na kwenye hati ya kiapo iliyoandikwa mapema imeandikwa saa mbili baada ya kuchwa jua. Ataona ni migongano. Sisi tunajua kilichotokea: mtu alisema "saa mbili usiku", mkalimani mmoja akahesabu Kiswahili na wa pili akahesabu Kizungu. Masaa sita yamepotea baina ya lugha mbili, na mtu akaitwa muongo.

Au neno ndugu. Ndugu yangu aweza kuwa wa tumbo moja, aweza kuwa mtoto wa ami, aweza kuwa mtu wa kijiji kimoja. Baba mdogo akifasiriwa "baba" ukurasa wa kumi na "ami" ukurasa wa ishirini, basi baba ameuawa mara mbili kwenye karatasi moja. Na msisahau kwamba Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi si cha Unguja. Nimeshawahi kukaa na Mkongo nikamuuliza neno moja mara tatu kabla ya kuthubutu kulifasiri, na yuko mwenzangu angelipita haraka.

Majaji wa mizunguko wameshalitazama jambo hili. Mwaka 2000 Mzunguko wa Tisa uliirudisha kesi ya Mguatemala, msemaji wa Kiquiche, kwa sababu tafsiri ilikuwa mbovu kiasi cha kumnyima haki ya kusikilizwa. Mwaka huo huo Mzunguko wa Sita, huu wa kwetu Ohio, uliirudisha kesi ya mtu wa Mauritania, msemaji wa Kifulani, kwa sababu kama hiyo. Kwa hivyo mlango upo. Lakini katika kesi za namna hii ushahidi wa tafsiri mbovu hutoka ndani ya kumbukumbu zenyewe: majibu yasiyolingana na masuali, mkalimani kusema hakufahamu, mtu kulalamika kwamba hamuelewi. Aliyenyamaza kwa heshima, akitikisa kichwa "ndio, ndio" kwa kumuonea haya mkalimani, huacha kumbukumbu safi, na kumbukumbu safi haina la kulalamikia. Adabu yetu ya kutomuaibisha mtu mbele za watu ni njema, ila kwenye chumba kile inaweza kumfukuzisha mtu.

9. KWA UFUPI

Ukiiona karatasi yenye jina la mzunguko, jiulize kwanza: Uingereza au Marekani? Ikiwa Marekani, ya jimbo au ya shirikisho? Ya jimbo, jitayarishe na mashahidi. Ya shirikisho, tafuta wakili anayejua rufaa, kwani si kila wakili mzuri wa mahkama ya chini anajua kuandika hoja za mzunguko.

Ikiwa ni uhamiaji, andika tarehe ya uamuzi wa Bodi ukutani na uhesabu thelathini. Omba amri ya kusimamisha kando. Mkalimani asipofahamika, sema pale pale, kwa sauti, iandikwe.

Na wale mnaopiga kura Marekani, msichoke na habari za Seneti kuthibitisha majaji wa mizunguko. Majina hayo hayatangazwi sana kama ya Mahkama ya Juu, lakini jaji mmoja akithibitishwa akiwa na miaka 45 anaweza kukaa kitini mpaka wajukuu wenu waanze kupiga kura.

Wenye ujuzi wa sheria, khasa mlioko Uingereza na Kanada, ongezeni palipopungua. Na wakalimani wenzangu wa Kiswahili cha Kongo, leteni maneno mnayoyaona yanawatatiza watu kortini, tuyakusanye pamoja na maana zake.

Wasalaam.